Aliyebakisha Marhala Moja



Wapenzi wasomaji, mwezi huu nilikuwa nimekusudia kuendelea na mazungumzo yetu juu ya adabu za kuisoma Qur'ani, lakini limetokea jambo katika chuo chetu lililonilazimu kuyaweka kando mazungumzo hayo mpaka mwezi ujao, Inshaallah. Jambo lenyewe ni swali la kijana mmoja, nami naona swali hilo si lake peke yake. Huenda limo katika nyumba nyingi zinazousoma ukurasa huu.

Kijana huyu alisoma kwangu tangu alifu mpaka akahitimu. Sasa ana umri wa miaka 24, huuza samaki sokoni, na anaishi na mama yake, mjane ambaye nuru ya macho yake imepungua sana, hata hawezi kwenda mahali bila ya kushikwa mkono. Siku hiyo alinijia barazani baada ya sala ya Alasiri, tukaamkiana, kisha akatoa simu yake akanionyesha picha za Waislamu wa nchi mbali mbali wanaokwenda Makka kwa miguu. Mtu ana mzigo mgongoni na fimbo mkononi, na wanakijiji wanamtokea njiani na maji na tende. Akaniambia: "Maalim, nami nataka kwenda hivyo hivyo. Fedha za ndege sina, lakini miguu ninayo. Niombee dua."

Nikamwuliza: "Na mama unamwachia nani?"

Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Mungu yupo, Maalim. Wala sina khofu ya njia. Nikifika karibu, nikibakisha marhala moja tu, hapana atakayenizuia. Nani atamrudisha mtu aliyekwisha kutembea nchi zote hizo?"

Wasomaji wangu, nilimkaripia. Nilimwita mjinga mbele ya watoto wadogo waliokuwa wakikunja mikeka, naye akaondoka asiniage. Usiku ule, baada ya Isha, nilikaa nikaitazama hasira yangu, nikaona haikuwa yote kwa ajili ya mama yake. Mimi nina umri wa miaka 56, na Al-Kaaba sijaiona kwa macho yangu. Akiba ya Hija nimeianza mara mbili. Ya kwanza ilikwenda katika karo za watoto, na ya pili katika matibabu ya mke wangu, Mwenyezi Mungu amrehemu. Nilipomwona kijana mwenye miguu mizima akisema "nitakwenda", fungu moja la hasira yangu lilikuwa husuda. Nikamwomba Mwenyezi Mungu msamaha, na asubuhi nikamtuma mtoto akamwite. Alipokuja nilimtaka radhi kwanza, kisha nikamweleza haya ninayoyaandika hapa.

DARAJA YA MWENDA KWA MIGUU

Nilimwambia: Mwanangu, usidhani kuwa naidharau safari ya miguu. Katika Suratil-Hajj, aya ya 27, Mwenyezi Mungu alipomwamrisha Nabii Ibrahim (A.S.) awatangazie watu Hija, alimpa khabari kwamba watu watamjia kwa miguu, na juu ya wanyama waliokonda kwa urefu wa safari, wakitoka katika kila njia ya mbali. Tazama kuwa mwenda kwa miguu ametajwa kwanza, na aliyepanda ametajwa baadaye. Hiyo ni heshima kubwa.

Na umma huu umewaona watu hao. Ndugu zetu wa Afrika ya Magharibi, kutoka nchi za Hausa, Bornu, na nchi zilizo mbali zaidi kuliko hizo, kwa karne nyingi walikuwa wakitoka makwao kwa miguu, wakipita upande wa Ziwa Chad, wakikata Wadai na Darfur, wakivuka mto Nile, mpaka wakafika bandari ya Suakin katika pwani ya Bahari ya Sham. Hayo ni masafa ya maelfu ya kilomita, na wengi wao hawakuyahesabu kwa miezi bali kwa miaka. Walikwenda na wake zao, na watoto wakazaliwa njiani. Chakula kilipokwisha walisimama, wakalima shamba la mtu au wakasomesha watoto wa kijiji Qur'ani, wakapata walichopata, wakaendelea. Katika nchi ya Sudan waliitwa Fallata, na Waarabu wengi waliwajua kwa jina la Takruri. Baada ya bwawa la Sennar kumalizika mwaka 1925 na mashamba makubwa ya pamba ya Gezira kuanza kupata maji yake, wengi wao walifanya kazi huko kutafuta nauli, na wajukuu wa waliobakia ni katika watu wa Sudan mpaka leo.

Sasa mfikirie mmoja wao amesimama ukingoni mwa bahari. Nyuma yake pana nusu ya bara la Afrika, nayo ameikanyaga yote kwa nyayo zake. Mbele yake pana maji, na ng'ambo ya maji pana Jidda, na kutoka Jidda mpaka Makka ni marhala mbili, yaani kiasi cha kilomita 80, kwa kuwa marhala moja ni mwendo wa msafiri wa siku moja. Kwa hesabu ya miguu, mtu huyu amekwisha fika. Lakini bahari haiendwi kwa miguu. Alitakiwa nauli ya chombo, alitakiwa akae karantini achunguzwe maradhi, na katika zama za wakoloni alitakiwa hati pia. Basi aliyeshinda jangwa akashindwa na nauli, akarudi nyuma kwenda kuchuma pamba ya watu, msimu mmoja au zaidi, ilhali upepo unaotoka upande wa Hijaz unampiga usoni. Kipande kilichokuwa kifupi kuliko vyote ndicho kilichomtaka subira kuliko vyote.

Wala usiseme kuwa hayo ni mambo ya zamani. Mwezi wa Desemba 2011 Mwislamu mmoja wa Bosnia, Senad Hadžić, mwenye umri wa miaka 47 wakati huo, alitoka kwao kwa miguu kwenda Hija. Alipita Serbia, Bulgaria, Uturuki, Syria iliyokuwa ndani ya vita, na Jordan, akaingia Makka mwezi wa Oktoba 2012 baada ya kutembea kiasi cha kilomita 5,700. Katika mji wa Istanbul alingoja wiki kadhaa apate ruhusa ya kulivuka daraja kwa miguu. Na alipofika mpaka wa Jordan na Saudia alikaa yapata miezi miwili akiingojea viza. Nchi yenye vita aliipita, kisha karatasi ikamsimamisha. Hakuruka mpaka, wala hakusema: "Mimi nimetembea sana, nifungulieni." Alingoja mpaka alipopewa ruhusa, ndipo akaingia.

Kijana akasema: "Lakini Maalim, mwishowe aliingia." Nikamjibu: Naam, aliingia. Sasa nitakueleza khabari ya waliorudishwa.

SIKU YA HUDAYBIYA

Katika mwezi wa Dhulqaada wa mwaka wa 6 wa Hijra, sawa na mwaka 628, Mtume (S.A.W.) alitoka Madina pamoja na masahaba wapatao 1,400, wakakusudia Umra. Walihirimia Dhul-Hulayfa, wakapeleka mbele wanyama wa kuchinjwa ili kila mtu ajue kuwa hawakutoka kwa vita. Masafa ya Madina na Makka ni kiasi cha kilomita 450. Muhajirina waliokuwamo walikuwa hawajauona mji wao wa kuzaliwa kwa miaka sita. Kila siku iliyopita walikaribia, na kila walipokaribia shauku yao ilizidi.

Walipofika Hudaybiya, mahali palipobakia zaidi kidogo ya kilomita 20 kufika Makka, ngamia wa Mtume, Qaswa, alipiga magoti akakataa kuinuka. Watu wakasema amekuwa mkaidi. Mtume (S.A.W.) akawajulisha kuwa huo si mwendo wake, bali amezuiliwa na Yule aliyewazuia wale ndovu wasiingie Makka. Basi wakapiga kambi pale, wajumbe wakaenda na kurudi, na mwisho ukaandikwa mkataba kwamba Waislamu warejee mwaka huo bila ya kuingia, na waje mwaka wa pili wakae siku tatu.

Mwanangu, umesema hapana awezaye kumrudisha mtu aliyebakisha marhala moja. Hapa marhala moja haikutimia, na aliyerudi ni Mtume wa Mwenyezi Mungu mwenyewe. Masahaba walihuzunika huzuni kubwa. Sayyidna Umar (R.A.) alimwendea Mtume akamwuliza: je, hukutwambia kuwa tutaifikia Nyumba na kuizunguka? Mtume akamjibu kwa kumwuliza kama alimwambia kuwa itakuwa mwaka huo. Umar akakiri kuwa hakumwambia hivyo. Ndipo akamhakikishia kwamba ataifikia na ataizunguka.

Kisha Mtume aliwaamrisha wachinje na wanyoe vichwa, wavue ihramu, akasema hivyo mara tatu, na hapana aliyeinuka. Hawakuwa waasi. Nyoyo zao zilikuwa zimekwisha tangulia mbele yao kwenye Al-Kaaba, zikawa hazijui namna ya kurudi. Mtume akaingia kwa mkewe, Ummu Salama (R.A.), akamweleza yaliyompata. Naye akampa shauri la mwanamke mwenye akili, kuwa atoke, asimsemeshe mtu, achinje mnyama wake na amwite kinyozi wake amnyoe. Alipofanya hivyo watu wote waliinuka wakachinja, wakanyoana. Na katika njia ya kurudi Madina ndipo iliposhuka Suratil-Fat-h, ambayo ndani yake Mwenyezi Mungu ameyaita mambo yale ushindi ulio wazi. Mwaka wa 7 wa Hijra waliingia Makka wakafanya Umra yao, na mwaka wa 8 mji ukafunguliwa.

Nataka kila nyumba iliangalie jambo hili. Waliorudishwa Hudaybiya hawakuambiwa kuwa safari yao imepotea. Safari ilikuwa ya Mwenyezi Mungu tangu hatua ya kwanza, na Yeye ndiye aliyechagua mahali pa kuisimamisha. Mwenye kusema, "Nimefika karibu mno siwezi kurudi," na ajihoji kama anamwendea Mola wake au anaikimbilia hesabu ya hatua zake.

ADABU YA KUKARIBIA

Tumesoma kwa Ibnu Umar (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alipoikaribia Makka alikuwa akilala mahali paitwapo Dhu Tuwa, ukingoni mwa mji, mpaka asubuhi, akaoga, kisha akaingia mchana. Angalieni adabu hii. Mji uko mbele yake, na mnyama wake angeweza kumfikisha usiku ule ule, lakini alisimama, akalala, akaoga. Sisi tukikaribia jambo tunalolitamani, hapo ndipo tunapokimbia, tukasukumana, tukakanyaga watu.

Na katika Hija yake ya kuaga, mwaka wa 10 wa Hijra, alipoondoka Arafa kwenda Muzdalifa aliivuta hatamu ya Qaswa kwa nguvu hata kichwa cha ngamia kikakaribia kugusa tandiko, na kwa mkono wake wa kulia akawaashiria watu watulie, akiwafundisha kuwa wema haupatikani kwa kwenda mbio. Na kumbukeni kuwa Hija ile Mtume aliihiji akiwa amepanda. Basi aliyepanda asimwonee haya aliyetembea, wala aliyetembea asijitukuze juu ya aliyepanda.

Tena iko khabari ya mzee mmoja ambaye Mtume alimwona akikokotwa baina ya wanawe wawili. Akauliza ana nini, akaambiwa kuwa ameweka nadhiri ya kwenda kwa miguu. Mtume akasema kwamba Mwenyezi Mungu hana haja na mtu huyu kuiadhibu nafsi yake, akamwamrisha apande. Na dada yake Uqba bin Amir (R.A.) aliweka nadhiri ya kuiendea Nyumba kwa miguu mitupu. Uqba alipomwulizia, Mtume alijibu kuwa atembee na apande pia. Maana yake ni kuwa miguu ni chombo, na chombo kikichoka hubadilishwa. Kinachoendelea mpaka mwisho ni niya.

Haya si maneno ya vitabuni tu. Katika Hija ya mwaka 2024 joto lilikuwa kali mno. Tarehe 17 Juni, katika Msikiti Mtukufu wa Makka, kipimo kilifika nyuzi 51.8. Serikali ya Saudia ilitangaza kuwa watu 1,301 walifariki katika msimu ule, na kwamba asilimia 83 yao walikuwa wamekwenda bila ya kibali cha Hija, wakatembea masafa marefu juani bila ya kivuli wala mahali pa kupumzika. Mwenye kibali ana hema na gari lake, na asiye nacho hana ila jua. Watu hawa wengi wao, Mwenyezi Mungu awarehemu wote, walikuwa wamekwisha fika. Hawakufa Darfur wala jangwani. Walikuwa baina ya Makka, Mina na Arafa, katika masafa ambayo mtu mzima wa afya huyatembea kwa saa chache. Sisemi haya ili kuwahukumu, kwani hukumu yao iko kwa Mola wao. Nayasema ili kijana ajue kuwa kufika karibu si sawa na kusalimika, na kuwa kibali, kivuli na maji ni katika uwezo ule ambao Mwenyezi Mungu ameufanya sharti ya Hija.

MASURUFU YA NJIANI

Tumehadithiwa na Ibnu Abbas (R.A.) kuwa walikuwapo watu wa Yaman waliokuwa wakienda Hija bila ya masurufu, wakisema kuwa wao wanamtegemea Mungu, kisha wakifika Makka huwaomba watu. Ndipo iliposhuka aya ya 197 katika Suratil-Baqara, inayotuamrisha tuchukue masurufu, na kutukumbusha kuwa masurufu bora ni ucha-Mungu. Kutegemea Mungu na kuwategemea wanakijiji wenye maji na tende si jambo moja.

Wewe, mwanangu, ukitoka hapa pwani utakwenda kwa njia gani? Wazee wetu hawakwenda Hija kwa miguu. Njia yao ilikuwa bahari, nao waliungojea msimu wa pepo. Ukitaka kwenda kwa miguu kufuata njia ya Suakin, huna budi uingie Sudan, ambayo vita vilivyozuka Aprili 2023 vimewafukuza mamilioni ya watu makwao. Wenyewe walioikimbia nchi hiyo wanatafuta pa kulala, nawe uende kuwaomba chakula?

Kisha yuko mama yako. Mtu mmoja alimwendea Mtume (S.A.W.) akitaka ruhusa ya kwenda katika Jihadi. Mtume akamwuliza kama wazazi wake wawili wako hai. Alipojibu kuwa wako hai, akamwambia afanye jihadi yake kwa kuwatumikia hao. Ikiwa Jihadi ile pamoja na Mtume mwenyewe ilitanguliwa na wazazi, je, safari ambayo wewe hujawajibika nayo kwa kuwa huna uwezo? Kila asubuhi unamshika mama yako mkono kumtoa chumbani mpaka uani. Ni hatua thelathini. Hapana mtu anayekupiga picha katika hatua hizo, wala hapana anayekutokea na tende. Huenda hiyo ndiyo safari ya miguu uliyoandikiwa mwaka huu.

Hapo kijana aliinamisha kichwa, na machozi yakamtoka. Nami yalinitoka, kwa sababu nilikumbuka akiba yangu ya pili na namna nilivyonung'unika moyoni siku nilipoitoa. Nilikuwa nikidhani fedha ile imeniweka mbali na Makka. Sikudhani kuwa kukaa kitandani pa mgonjwa ni njia pia.

SWALI LA MTOTO

Tulipokuwa katika hali hiyo, mtoto mmoja wa juzuu Amma aliyekuwa akijifanya anasoma, kumbe anatusikiliza, alinyosha kidole akauliza: "Maalim, na yule aliyetembea, akafa amebakisha kidogo tu, amehiji au hakuhiji?"

Nilimwambia: Umeuliza swali kubwa kuliko umri wako. Katika siku ya Arafa mtu mmoja aliyekuwa pamoja na Mtume (S.A.W.) alianguka kutoka juu ya mnyama wake, akavunjika shingo, akafa akiwa ndani ya ihramu, na Hija yake haijatimia. Mtume aliamrisha aoshwe kwa maji na majani ya mkunazi, akafiniwe katika nguo zake mbili zile zile, asitiwe manukato wala asifunikwe kichwa, akawapa khabari kuwa atafufuliwa Siku ya Kiyama akileta talbiya. Na katika Suratin-Nisaa, aya ya 100, Mwenyezi Mungu ametujulisha kuwa anayetoka nyumbani kwake kuhamia kwa Mwenyezi Mungu na Mtume wake, kisha mauti yakamkuta njiani, ujira wake umekwisha thibiti kwa Mwenyezi Mungu.

Mtoto akafikiri, kisha akauliza tena: "Na ambaye hakutoka kabisa, lakini alitaka?"

Wasomaji wangu, sikulijibu swali hilo upesi. Nilimwambia kuwa mwanamke mmoja wa kabila la Khath'am alimwuliza Mtume juu ya baba yake mzee, ambaye faradhi ya Hija imemkuta hawezi hata kukaa imara juu ya mnyama, naye Mtume akamruhusu binti yule amhijie baba yake. Mlango wa Mwenyezi Mungu ni mpana. Asiyeweza leo huenda akaweza kesho, na asiyeweza kabisa huenda akahijiwa, na asiyepata mtu wa kumhijia, Mola wake anajua alichokuwa akikitaka. Mtoto akatosheka, akarudi katika juzuu yake. Mimi ndiye niliyebakia na swali mpaka leo, nami naona ni vizuri nibakie nalo.

Basi enyi wazazi, msiizime shauku ya vijana wenu kwa ukali, kama nilivyofanya mimi. Kijana anayetaka kwenda Makka kwa miguu si adui wa nyumba. Ana moto ndani yake, nao unataka jiko. Mkalisheni, mwulizeni juu ya masurufu yake, juu ya kibali, juu ya wanaomtegemea, na mfundisheni kuwa Hija ina njia yake. Nanyi vijana, mkiona picha ya mtu anayefika Makka baada ya mwendo mrefu, mwombeeni dua, lakini kumbukeni kuwa picha haionyeshi miezi aliyongoja mpakani. Na kila mmoja wetu, akikaribia kulipata jambo alilolihangaikia miaka mingi, awe ni msafiri, mwanafunzi au mfanya biashara, na akumbuke Dhu Tuwa, asimame, aoge, aingie kwa utulivu. Akizuiliwa, na akumbuke Hudaybiya.

Ama kijana wetu, hakunipa jibu siku ile. Lakini Ijumaa iliyofuata, nilipokuwa nimekaa barazani kabla ya sala, nilimwona akija na mama yake, amemshika mkono, mzee amevaa buibui lake jipya. Walikuwa wakitembea pole pole, na kijana akimwambia kila penye jiwe na kila penye ngazi. Aliponifikia alinipa bahasha. Akaniambia: "Maalim, hizi ni za mwanzo. Niwekee. Nitaleta kila mwezi, kwa ajili ya watu wawili." Nilizihesabu mbele yake, nikaandika katika daftari. Ni chache sana, na kwa hesabu hii safari yao iko mbali. Nami jioni ile niliandika jina langu chini ya majina yao, nikatia changu kwa mara ya tatu.

Mwenyezi Mungu awafikishe kwa salama wote walio njiani, awarehemu waliokufa wamebakisha marhala moja, awape subira waliozuiliwa milangoni, na atujaalie sisi tulio majumbani tusipoteze ujira wa hatua tunazokwenda kila siku. Amin.

Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.